Swichi ya Taa Ikifa, Tafuta Kwanza Kilichoiua

Wadogo zangu mnaoanza ufundi umeme, wengi wenu mtaanza na swichi ya taa. Ndiyo kazi ambayo fundi mkubwa huwaachia wanafunzi: bisibisi, testa ya kupimia umeme, skrubu mbili, dakika kumi. Nami nilianzia hapo, nikimfuata fundi wangu kwenye mitaa ya Mbeya, yaani Mwanjelwa, Ilomba na Uyole, na miaka ya mwanzo nilitupa swichi nyingi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mama mmoja wa Uyole aliniita mara tatu kwa swichi ileile ya chumba cha watoto. Mara ya kwanza ilikuwa Januari, mvua zimekolea. Taa ilikuwa inagoma, na ikiwaka inachezacheza. Nikafunga swichi mpya, taa ikawaka, nikalipwa, nikaondoka. Baada ya wiki chache akapiga simu. Nikaamini nimeuziwa swichi mbovu, nikaleta nyingine ya bei ya juu. Mara ya tatu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimemuuliza hata siku moja: "Mwanangu, hii taa usiku nikiizima haizimiki kabisa. Inabaki na mwanga kidogo kama kimulimuli. Watoto wanaogopa kulala."

Nikazima breka, nikahakikisha umeme umekatika, nikafungua. Ndani ya boksi la swichi, kwenye mdomo wa bomba la nyaya linaloteremka kutoka darini, tone la maji lilikuwa limening'inia. Shaba ya waya ilikuwa imeota kijani. Upande mmoja wa plastiki ulikuwa mweusi, na ukiinusa unapata harufu ya kuungua. Nikapanda darini. Bati lilikuwa limelegea kwenye msumari, maji yanadondokea juu ya boksi la maungio ambalo aliyefunga nyaya aliliacha wazi, kisha yanafuata bomba mpaka kwenye swichi. Swichi mbili nilizouza pale zilikuwa zimezama.

Swichi yenye maji hupitisha umeme kidogo hata ikiwa imezimwa. Balbu ya zamani isingeuonyesha, kwa sababu ilihitaji umeme mwingi ndipo iwake. Taa ya LED inatosheka na kidogo hicho. Kwa hiyo mwenye nyumba akikwambia taa inabaki na mwanga hafifu, usimpuuze, maana amekupa nusu ya jibu. Huku kwetu, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na Tukuyu kuzidi hapo, ukuta unaoshikana na bati linalovuja ndio wa kwanza kuutilia shaka. Uguse kwa kiganja kuzunguka swichi. Tazama kama rangi imevimba.

Mwanga huo unaweza kuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo inayonitisha zaidi. Swichi inatakiwa kukata waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme. Kuna nyumba ambazo aliyefunga nyaya alipitisha nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi, na moto ukaenda moja kwa moja kwenye holda. Taa inawaka na kuzimika, kila mtu anaridhika. Lakini mtu akizima swichi, akapanda kiti kubadilisha balbu, anaingiza vidole penye volti 230. Ukikuta hivyo, usirudishe kifuniko ukanyamaza kwa kuwa hukuitwa kwa hilo. Mwambie mwenye nyumba, rekebisha, kisha kagua na vyumba vingine, maana mkono uliokosea chumba kimoja huwa ulikosea vyote.

Na rangi zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Mpya zina kahawia na bluu. Ila ndani ya swichi, waya mweusi au wa bluu mara nyingi ndio unaopeleka moto kwenye taa. Ukiuita nyutro kwa sababu ya rangi yake, utaushika.

Kabla ya kufika kwenye swichi, anza na maswali. Taa nyingine zinawaka? Mmejaribu balbu nyingine? Swichi ikibonyezwa inalia chii au inatoa cheche? Weka mgongo wa mkono juu ya kifuniko: kikiwa na joto, kuna waya uliolegea ndani, na huo ndio ugonjwa ninaoukuta kuliko wote. Skrubu ikilegea, umeme unaruka kwenye upenyo, pale panapata moto, gamba la waya linakauka na kukatika kama ganda la karanga. Ukibadilisha swichi ukarudisha waya ulioungua vilevile, umeuhamishia ugonjwa kwenye swichi mpya. Kata mpaka upate shaba inayong'aa, menya kiasi cha milimita nane hivi, ingiza, kaza, kisha uvute. Usipouvuta hujui kama umeshika.

Kuhusu kuzima, nisikilizeni vizuri. Umeme ukikatika mtaani haujazimwa. Nimemwona kijana amefungua swichi kwa sababu "TANESCO wamekata", na umeme ukarudi waya ukiwa mkononi mwake. Alianguka kutoka kwenye stuli. Tunamshukuru Mungu alikuwa na viatu vya mpira na sakafu ilikuwa kavu. Zima breka mwenyewe, ifunge kwa teipu, waambie wote waliomo ndani, watoto nao wasikie. Uliza kama nyumba ina sola au betri inayolisha taa. Kisha ijaribu testa yako kwenye soketi yenye umeme uone inawaka, ndipo uende kwenye swichi, halafu urudi tena kwenye ile soketi. Testa iliyokufa haikwambii kuwa imekufa, inakaa kimya tu, na wewe unadhani waya ndio uliokufa.

Piga picha nyaya kwa simu kabla hujalegeza chochote. Swichi nyingi za dukani zina matundu matatu ya kuingizia nyaya: COM, yaani la pamoja, L1 na L2. Kwa taa ya swichi moja utatumia COM na L1. Wanafunzi wengi hufunga L1 na L2, taa inagoma, wanasema swichi ni feki.

Kilicho nje ya mein swichi, ile swichi kuu ya nyumba, yaani mita na nyaya zinazotoka kwenye nguzo, si chetu. Hapo unampeleka mteja TANESCO. Na kazi za nyumba nzima zinataka mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwa hiyo mkimaliza mafunzo msikae bila kuishughulikia.

Kule Uyole nililipwa kupanda juu ya bati. Swichi ya tatu nilimfungia mama bila malipo, kwa kuwa mbili za kwanza alizinunua kwa uzembe wangu. Mkimaliza kazi msikimbilie pikipiki. Washeni taa, kaeni nusu saa, pokeeni chai mkikaribishwa, halafu gusa tena kifuniko. Kikiwa baridi kama ukuta, ndipo mnaweza kuaga.