Fimbo inayokatika mkononi mwa mtoto

Umeuliza kwa nini fimbo ya mazingaombwe inayokatika iliwachekesha watoto wote isipokuwa yule uliyemwita mbele, ambaye nusura alie. Kwa maoni yangu kosa halikuwa la fimbo, bali la uso wako. Fimbo hiyo ni vipande vya mrija vilivyotungwa kwenye uzi kama shanga; uzi ukikazwa husimama imara, na ukilegezwa vipande huachana na kuning'inia. Mtoto hayajui hayo: anaamini ameharibu mali ya mtu mzima mbele ya wenzake, kwa hiyo jicho lake la kwanza linakwenda kwako, si kwa watazamaji. Ukimkunjia uso, hata kwa mzaha, umempoteza. Lakini ukishtuka wewe, ukaipokea, ikanyooka mkononi mwako, kisha ukamrudishia ikalegea tena, ataelewa upesi kwamba anayechekwa ni wewe. Upepeo wa kukunja, ule ambao ukifunguliwa kuelekea upande mmoja hukaa sawa, lakini ukifunguliwa kuelekea upande wa pili husambaratika, hutumika vivyo hivyo. Mara mbili au tatu zinatosha. Ya nne watoto wameshachoka. Baada ya hapo mpe fimbo ya kawaida, ili mazingaombwe yafanikiwe mkononi mwake mwenyewe. Tena ukague uzi kabla ya kila onyesho, kwa sababu hulika kwenye kingo za mrija, na ukikatika kweli vipande hutawanyika sakafuni walipo wadogo wanaotia kila kitu mdomoni.