Maswali na Majibu: Gesi Inapobanwa

Swali: Nikijaza tairi ya baiskeli, pampu inapata moto. Ni msuguano?

Jibu: Msuguano umo, ila si huo hasa. Pistoni inasugua bomba zima, lakini gusa pampu: panapochoma zaidi ni kule mwisho, hewa inakobanwa. Molekuli ikigonga pistoni inayoijia, hurudi na kasi kubwa kuliko iliyokuja nayo, na kasi hiyo ndiyo tunayoihisi kama joto. Nguvu ya mikono yako imehamia hewani. Injini ya dizeli inategemea jambo hilohilo: hewa hubanwa hadi kama sehemu moja ya 16 au 20 ya ujazo wake, inapita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyizwa inawaka bila plagi.

Swali: Shuleni tuliambiwa ujazo ukipungua nusu, presha inakuwa mara mbili. Hilo joto mbona halikutajwa?

Jibu: Lilitajwa, kwenye sharti ambalo wengi hulisahau. Kanuni ya Boyle ya mwaka 1662 inataka jotoridi lisibadilike, yaani ubane polepole joto lipate kutoka. Chukua hewa ya nyuzi 20 uibane ghafla hadi nusu: itafika takribani nyuzi 113, na presha itapanda mara 2.6. Iache ipoe, ndipo itashuka hadi mara mbili.

Swali: Gesi yoyote ikibanwa sana inakuwa kimiminika?

Jibu: Hapana. Kila gesi ina jotoridi lake la ukomo. Ikilizidi, ubane utakavyo, haigeuki. Kwa propani, gesi ya kupikia, ni nyuzi 97 hivi, juu ya joto la kawaida, ndiyo maana mtungi wa kupikia ukitikiswa unasikia kimiminika kikichezacheza ndani. Kwa oksijeni ni nyuzi 118 chini ya sifuri, kwa hiyo mtungi wake wa kawaida una gesi tupu, na geji hushuka kadiri unavyotumia. Geji ya propani hukudanganya: inafuata jotoridi, inakaa palepale mpaka kimiminika kiishe. Ukitaka kujua kilichobaki, pima mtungi kwa mizani.

Swali: Maji ya kwenye tangi la kompresa yanatoka wapi?

Jibu: Ni mvuke wa hewani. Umebanwa pamoja na hewa, na hewa ikipoa tangini ziada inageuka maji. Fungua koki ya chini mara kwa mara, la sivyo kutu italila tangi kwa ndani.