Ekadashi, Naivasha na marafiki wasiofunga

Mimi ni Mhindu wa Nairobi, nafunga Ekadashi, mfungo wetu wa siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, mara mbili kwa mwezi, na marafiki zangu karibu wote ni Wakristo na Waislamu. Ndugu zangu mnaofunga, msikatae safari za ziwani kwa sababu ya mfungo, inawezekana kabisa, mjipange tu.

Chakula ndio shida kubwa. Mara ya kwanza sikubeba kitu, nikajua nitakula chipsi, maana viazi vinaruhusiwa, tunachoacha ni nafaka na kunde, kumbe pale tulipoingia walikaanga chipsi kwa mafuta yaleyale ya samaki, nikashinda na ndizi mbili na njugu mpaka tukarudi usiku. Siku hizi nabeba sabudana khichdi, zile punje za sago na viazi, njugu zilizopondwa, pilipili mbichi na chumvi ya mawe, tena nabeba mkebe mkubwa sababu wenzangu wanaidokoa wakingoja tilapia. Na waambie mapema hauli nini, kama siku mbili kabla, usingoje mfike mezani.

Tokeni Nairobi alfajiri, Ziwa Naivasha ni kama kilomita 90 tu. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, na kweli mchana upepo ukianza mawimbi si mchezo, kwa hiyo boti ni asubuhi, elewaneni bei kabla ya kupanda na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha hata anayejua kuogelea.

Sala ya jua usiifanyie ukingoni peke yako, kuna viboko. Mimi namuomba kapteni azime injini tukiwa mbali nao, nashika lota yangu ya shaba, kile chombo kidogo cha maji ya sala, kwa mikono miwili, namimina maji polepole, yanashuka kama uzi mwembamba na jua linapita katikati yake, na wenzangu wananyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Ila msitupe kitu majini tafadhali, si nazi, si taa za plastiki, si sanamu za rangi. Nakuru na Elementaita ni za magadi, Naivasha ina maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ingawa hakuna mto unaotoka humo, mito Malewa na Gilgil inaingiza tu, maji yanapenya chini ya ardhi na chumvi inaondoka nayo. Plastiki haipenyi, inabaki palepale kwenye maji ambayo watu wanavua na kunywa, na sisi tunayaita maji mama.

Safari iliyopita nilinunua waridi barabarani, rafiki yangu akalinusa kabla sijasema kitu. Ua likishanuswa hatulitoi sadaka, nikamweleza taratibu na nikamwachia shada lote. Safari hii kanunua yeye, kalibeba mbali na uso njia nzima, na jioni tuliliweka pamoja chini ya mtulasi wa mamangu, ule mrehani wetu mtakatifu.