Kabla Hujapiga Bure, Tazama Mwezi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia akitaka kujua kama bendi yake, inayopiga roki ya majaribio, ianze na maonyesho ya bure au isubiri hadi ipate ukumbi wa kutoza kiingilio. Nilimjibu kwa sentensi mbili, kisha nikaona kuwa sikumtendea haki, kwani sisi wanne wa bendi yangu tumekwisha kupiga maonyesho manne ya bure hapa Kigoma, na lile la kwanza linaniuma mpaka leo.

Nilikuwa nimejaza kichwa historia za watu. Nilijua kwamba Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, walipiga bure katika bustani ya Hyde Park, London, mwezi Juni 1968, na kwamba wenzao King Crimson, wakiwa hawajatoa albamu hata moja, walipanda jukwaani katika bustani hiyohiyo tarehe 5 Julai 1969, mbele ya umati mkubwa ambao haukulipa chochote. Nilichokipuuza ni kwamba umati ule ulikuwa umewafuata Rolling Stones, bendi iliyokuwa tayari maarufu na iliyopiga siku hiyohiyo. Sisi tulifunga vyombo vyetu karibu na mwalo wa Kibirizi, tukaanza na utunzi wa dakika ishirini na mbili, tukiamini kwamba neno “bure” peke yake litatukusanyia watu na kuwakalisha.

Ulikuwa usiku wa giza, na wavuvi wote walikuwa wakipakia taa na nyavu ili waingie ziwani kufuata dagaa. Mfanyabiashara aliyetuahidi petroli ya jenereta alizima simu. Tulichanga tulichokuwa nacho, kikatosha kutufikisha katikati ya utunzi, kisha spika zikanyamaza, akabaki mpiga ngoma wetu akipiga peke yake gizani kwa sababu hakujua kama asimame au aendelee. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Watu wakacheka, wakatawanyika. Nilikunja nyaya usiku ule huku macho yananiwasha, na sitaki kusema kwamba nimesahau.

Mdogo wangu, jambo la kwanza ni kutazama mwezi. Wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hulala ufukoni, na watu wa mwalo wanakuwa na usiku mzima mkononi. Onyesho la pili tulilipanga katika siku hizo, tukanunua petroli kwa fedha zetu wenyewe, tukachukua kibali mapema, na kabla ya kupiga chochote nikawaomba watu wahesabu pamoja nami mapigo saba: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Pembeni yetu mama mmoja alikuwa akikaanga mihogo kwa mawese. Alisikiliza kidogo, kisha akaanza kugonga ukingo wa karai kwa mwiko wake, mapigo mawili, mawili, matatu, bila kukosea na bila kuacha kugeuza mihogo yake. Watoto wakamfuata kwa makofi. Tulipoingia na gitaa la besi juu ya mapigo yale, hakuna aliyeondoka, na utunzi uleule uliotutia aibu ukafika mwisho wake.

Tangu siku hiyo sivumilii kusikia mwanamuziki akisema kwamba watu wa mikoani hawauelewi muziki mgumu. Mmewafundisha kuhesabu? Mmewauliza usiku gani wana nafasi? Asiyelipa kiingilio amekupa usiku wake, na anastahili vyombo vilivyopimwa mapema na bendi iliyofanya mazoezi kama ambavyo ingefanya kwa ajili ya mwenye tiketi. Nasema tena, nunueni petroli yenu wenyewe, na msimkabidhi mfadhili jenereta yenu. Wanaotaka kutuza watatuza. Katika onyesho la nne fedha za kutuzwa zilirudisha gharama ya mafuta yote, ingawa spika tulizikodi kwa mifuko yetu.

Kwa hiyo pigeni bure, ila mje kwanza mtuone. Tutapiga tena Kibirizi mbalamwezi ijayo. Njoo na mpiga ngoma wenu, mkae karibu na karai la yule mama, upande ambao moshi hauendi.