Maswali ya Wasomaji: Marejeleo Yamerudishwa, Nirekebishe Wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, makala yangu kuhusu majina ya mitaa imerudishwa hata kabla ya kupelekwa kwa wahakiki. Barua inasema tu kwamba marejeleo hayafuati mtindo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7. Mimi nilifuata nilivyofundishwa chuoni. Nianzie wapi?
*Mhadhiri msaidizi, Mwanza*

JIBU: Pole, Mwalimu. Toleo la 7 lilitoka mwishoni mwa 2019, kwa hiyo inaelekea ulifundishwa la 6. Tofauti zake si nyingi, lakini mhariri huziona kwa kutupa jicho mara moja.

Anza na vitabu: futa mji wa uchapishaji. Ile “Nairobi:” inayotangulia jina la mchapishaji haitakiwi tena. Kisha pitia matini. Kazi yenye waandishi watatu au zaidi inatajwa kwa jina la wa kwanza tu na “na wenzake”, tangu mara ya kwanza. Zamani uliwataja wote hadi watano. Kwenye orodha ya mwisho ni kinyume: andika waandishi wote mpaka 20. DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa chapisho mtandaoni, nayo iwe kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/, bila neno “doi” mbele na bila nukta mwishoni, maana nukta hiyo ikinakiliwa pamoja na kiungo, ukurasa haufunguki.

Makala ya jarida hukaa hivi:

Jina la Ukoo, H. (2021). Kichwa cha makala kwa herufi ndogo. *Jina la Jarida*, *12*(2), 45–63. https://doi.org/…

Angalia hapo kwenye 12(2). Namba ya juzuu ina mlazo (italiki), ya toleo iliyo ndani ya mabano haina. Kurasa za makala ya jarida hazitanguliwi na “uk.”, sura ya kitabu ndiyo huandikiwa (kur. 45–63). Kati ya 45 na 63 pana kistari kirefu, si kile kifupi cha kuunganishia maneno. Kwenye Word, mahali pa kistari andika 2013, ambayo ni msimbo wake, ichague peke yake kwa sababu imebanana na tarakimu za ukurasa, kisha bonyeza Alt+X.

Mstari wa kwanza wa kila rejeleo huanzia pembeni kabisa na inayofuata huingia ndani sentimita 1.27. Chagua orodha nzima, bonyeza Ctrl+T. Tunakuomba usisukume mistari kwa Enter na nafasi: jarida likibadilisha upana wa ukurasa, orodha yote inavurugika na kuinyoosha ni kazi ya kuchosha.

Jarida likiwa na maelekezo yake kwa waandishi yanayotofautiana na APA, fuata maelekezo ya jarida.

SWALI: Natumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili imepangwa kwenye K, na Ngũgĩ wa Thiong'o yuko kwenye T. Nikisahihisha kwenye Word, baada ya muda makosa yanarudi. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa uzamivu, Nairobi*

JIBU: Yanarudi kwa sababu unafuta moshi, moto uko kwenye Zotero. Kila unapoongeza rejeleo, programu inaiandika orodha upya kutoka kwenye hifadhi yake. Sahihisha huko.

Zotero ina visanduku viwili vya jina: la ukoo na la mtu. Taarifa zikiingizwa vibaya, neno la mwisho hugeuzwa jina la ukoo, na ndiyo maana taasisi yako imekuwa “Kiswahili”. Fungua rejeleo, nenda kwenye mstari wa mwandishi, bonyeza kitufe kidogo kilicho pembeni mwa jina. Visanduku viwili vitakuwa kimoja. Andika humo jina zima, rudi Word, bonyeza “Refresh”.

Fanya vivyo hivyo kwa Ngũgĩ. Jina lake lina maana ya Ngũgĩ, mwana wa Thiong'o. Thiong'o si jina la ukoo la kukatwa na kupelekwa mbele. Maktaba ya Bunge la Marekani pia humpanga kwenye N. Weka alama za juu ya ũ na ĩ, kwani ni sehemu ya tahajia ya jina. Vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi, basi kama nakala uliyoisoma imeandikwa hivyo, iandike hivyo.

Kanuni hiyo ya kufuata jina lililo kwenye nakala inaigusa pia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Mwaka 2009 iliunganishwa katika TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), lakini chapisho lake la 2004, kwa mfano, linabaki la TUKI. Usilihamishe kwa kudhani unalisasisha. Mara ya kwanza kwenye matini andika (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili [TUKI], 2004), kisha (TUKI, 2004), na kwenye orodha jina kamili.

Kama jarida linataka “na wenzake” na programu inatoa “et al.”, subiri hadi mwisho. Hifadhi nakala ya pili ya faili, kwenye nakala hiyo kata muunganisho kwa “Unlink Citations”, ndipo ubadilishe. Ukishakata, hakuna kurudi nyuma. Nakala ya kwanza usiiguse.

SWALI: Niliwahoji wavuvi 14. Niwaweke kwenye orodha ya marejeleo?
*Mtafiti, Chake Chake*

JIBU: Hapana. Hao ni watoataarifa wa utafiti wako, na maneno yao ni data. Yanukuu kwenye matini kwa utambulisho ulioahidi kuutumia, mfano “Mvuvi wa 6”, bila kuyawekea rejeleo. “Mawasiliano binafsi” ni kitu kingine: barua pepe au mazungumzo na mtaalamu nje ya data. Nayo huandikwa ndani ya matini tu, pamoja na tarehe kamili, kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata popote.

SWALI: Nahamisha makala ya tiba kutoka APA kwenda Vancouver, mtindo wa kutaja vyanzo kwa namba. Kuna mtego gani?
*Daktari, Moshi*

JIBU: Namba hufuata mpangilio wa kutajwa, si alfabeti, na chanzo kikitajwa tena hubaki na namba yake ileile. Mtego ni majedwali. Chanzo kilichomo kwenye Jedwali la 1 pekee hupewa namba kulingana na pale Jedwali la 1 linapotajwa kwa mara ya kwanza kwenye matini, hata kama jedwali lenyewe liko mwisho wa faili. Usiandike namba kwa mkono, kwa sababu aya moja ikihama, zote zinateleza.

SWALI: Chanzo sikukisoma, nimekiona kimenukuliwa kwenye kitabu kingine. Niorodheshe kipi?
*Mwalimu, Lamu*

JIBU: Ulichokisoma. Kwenye matini taja vyote viwili kwa “kama alivyonukuliwa katika”. Lakini kwanza kitafute chanzo chenyewe; mara nyingi nukuu imeshakatwa mahali muhimu.