Nimeandika .env kwenye .gitignore, mbona Git bado inaifuata?

SWALI: Salamu alaykum fundi. Natengeneza tovuti ya nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, na wageni wanalipa kwa M-Pesa. Nimeandika .env (faili ya funguo na manenosiri) na node_modules/ (folda ya vifurushi) ndani ya .gitignore, lakini kila nikigusa .env, Git, programu ya kutunza matoleo ya mradi, inaniambia imebadilika. Je, package-lock.json, orodha ya matoleo ya vifurushi, nayo niiache nje? Na picha za vyumba anazopakia mwenye nyumba?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Ulichoandika ni sawa, ila umechelewa. .gitignore huzuia faili ambazo Git haijaanza kuzifuatilia. .env yako ilishaingia, kwa hiyo Git itaendelea nayo mpaka uitoe.

Lakini kabla ya kuitoa, badilisha funguo za M-Pesa na nenosiri la hifadhidata. Tafadhali anza na hilo, leo hii. Ukiifuta .env sasa, matoleo ya nyuma bado yanayo. Andika git log -p -- .env ujionee: ufunguo wa siri umekaa pale herufi kwa herufi, na kila aliyewahi kunakili mradi anao. Historia inaweza kusafishwa, lakini ufunguo uliokwisha kutoka nje hauwi siri tena.

Ukishabadilisha:

git rm --cached .env
git rm -r --cached node_modules

Kisha hifadhi toleo jipya (git commit). Neno --cached ndilo linaloacha faili zibaki kwenye kompyuta yako. Kwako tu, lakini. Kompyuta nyingine ikivuta toleo hilo (git pull), Git huifuta .env iliyoko huko. Yalinikuta Malindi, kwenye tovuti ya hoteli, mwezi wa Desemba wageni wakiwa wengi: nilivuta toleo kwenye seva, .env ikaondoka, na ukurasa wa kuweka nafasi ukafa palepale. Tangu siku hiyo nainakili kando ya mradi kwanza, navuta, halafu nairudisha. Nawe fanya hivyo.

Acha ndani ya mradi faili ya .env.example yenye majina ya vigezo bila thamani zake, ili atakayekuja baada yako ajue cha kujaza.

package-lock.json usiitoe kamwe. Ndiyo inayoshika toleo kamili la kila kifurushi, na npm ci, amri ya kusakinisha vifurushi, haifanyi kazi bila hiyo. node_modules hujengwa upya kutokana nayo, ndiyo maana haina haja ya kubebwa. Takataka za kompyuta yako, kama .DS_Store au Thumbs.db, ziweke kwenye faili yako binafsi kupitia mpangilio wa Git uitwao core.excludesFile, si lazima kila mradi uzijue.

Picha za vyumba ni mali ya mwenye nyumba, nazo hubadilika bila wewe kuwepo. Zitoe, na uzifanyie nakala rudufu mahali pengine. Nembo na picha za muundo wa tovuti zibaki. Tatizo ni kwamba Git haihifadhi folda tupu, na seva mpya itaikosa folda ya uploads zinakoingia picha hizo. Wengi huweka humo faili tupu inayoitwa .gitkeep, halafu wanaandika uploads/ kwenye .gitignore na kujaribu kuiruhusu hiyo moja. Haikubali, kwa sababu folda nzima ikishazuiwa Git haichungulii ndani. Weka nyota:

uploads/*
!uploads/.gitkeep

Ukiona faili imefichwa na hujui ni mstari gani umeificha, git check-ignore -v pamoja na jina la faili itakuonyesha mstari wenyewe na namba yake.