Bosi haogopi mwizi tu, anaogopa hata bodaboda

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Morogoro. Wiki tatu zilizopita tulimchukua mbwa dume wa mwaka mmoja na nusu kwa jirani aliyekuwa anahama. Anaitwa Bosi, ila ubosi wenyewe hana. Alikua amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, akitazama ukuta. Kwetu anashinda nyuma ya tenki la maji, mkia kaufyata. Bodaboda ikisimama getini anajikojolea. Chakula hakigusi mpaka tulale. Mvua ikipiga bati anachimba mlango hadi kucha zinatoka damu. Mume wangu anataka tumtilie pilipili kwenye ugali awe mkali, na kuna aliyetushauri tumfungie gizani mchana. Tulimtaka wa ulinzi. Je, atabadilika?

JIBU: Marahaba. Nianze na pilipili, mzee asije akaniwahi jikoni. Pilipili haiongezi ukali, inaunguza mdomo na tumbo, mbwa anaharisha, basi. Na kumfungia ndiko kulikomfikisha hapo alipo. Halafu jueni hili: mwoga akibanwa pasipo na pa kukimbilia, anauma. Na atakayeumwa kwa kawaida si mwizi, ni mtoto aliyeingia kufuata mpira wake.

Mbwa ana msimu wake wa kuizoea dunia, tangu wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi baada ya kuzaliwa. Alichokutana nacho kwa wema wakati huo, iwe watoto, pikipiki au mwanamume mwenye kofia, hukiona ni cha kawaida. Bosi msimu huo aliutumia na ukuta. Kwa hiyo hamna ujasiri uliopotea hapo, bado haujajengwa. Ukubwani unajengeka, ila kwa miezi.

Kabla ya yote, apimwe. Sikio lililooza ndani, jino bovu au homa inayoletwa na kupe humfanya mbwa asitake kuguswa, na anayejikojolea apimwe mkojo pia. Kama jirani hakuwaachia cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, hesabuni kuwa hajachanjwa, achanjwe. Na mbwa yeyote akibadilika ghafla, akatokwa na ute, akayumba au akawa anang'ata hata vijiti, msimkaribie, mwite mtaalamu. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje nyuma ya tenki. Msimtoe! Mtandikieni gunia, wekeni na maji karibu. Mwenye pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka. Iwe sheria ya nyumba kwamba akiwa pale hakuna anayemfuata, watoto wala wageni.

Mume wako nina kazi yake. Achemshe ini bila chumvi wala kitunguu, alikate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Akae kwenye kigoda, mbali kiasi ambacho Bosi anamwona bila kutetemeka, ampe ubavu na asimkazie macho. Kisha arushe kipande, lakini akirushe nyuma ya mbwa, kisianguke kati yao. Watu wengi wanakosea hapa. Ukimvuta kwa chakula, njaa inamleta mahali ambapo moyo haujafika. Anakinyakua, anainua kichwa, anajikuta miguuni pako, na siku inayofuata hatoki kabisa. Kikianguka nyuma yake anapata vitu viwili, ini na nafuu ya kwenda mbali nawe. Akishatafuna atageuka na kurudi hatua moja mbili mwenyewe. Hapo ndipo ujasiri unapoanzia, kwenye ile hatua aliyoichagua. Dakika 5 zinatosha, asubuhi na jioni. Akikaribia kunusa kiatu, mzee asinyooshe mkono kumpapasa kichwani. Najua ni vigumu.

Bodaboda nayo ina utaratibu wake. Mlio utangulie, ini lifuate. Wale mbwa wa mwanasayansi Pavlov kule Urusi walidondokwa mate wakisikia sauti tu, kwa sababu sauti hiyo ilitangulia chakula. Ukigeuza, Bosi atajifunza kwamba ini ni habari mbaya, bodaboda inakuja, na ini lenyewe atalisusa. Anzeni nyuma ya nyumba ambako mlio unafika kwa mbali, sogeeni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kipimo ni mdomo wake: akikataa ini, au akilipokonya kwa pupa hadi kukuumiza vidole, mmesogea mno, rudini. Tazameni pia kama analamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, au weupe wa jicho unajitokeza pembeni. Akinguruma, msimchape. Mngurumo ni hodi yake. Mkiifuta, siku nyingine atauma bila hodi.

Nina dhambi yangu hapa. Nilipokuwa kijana kwenye kazi hii nilimwambia mteja ampeleke mbwa wake stendi ya mabasi "azoee". Mbwa alilala chini kimya, nasi tukafurahi kwamba ametulia. Hakuwa ametulia, alikuwa ameganda. Tangu siku hiyo hakukubali tena hata kuvishwa kamba.

Chakula cha usiku mnaweza kukifanya zoezi pia: mwageni dagaa kwenye majani, awatafute kwa pua. Kunusa humtuliza mbwa, na kila dagaa aliyempata ni kazi aliyoiweza peke yake.

Kuhusu mvua, masika ikianza mpeni chumba cha ndani, pazia lishushwe, redio iseme. Mnaweza kukaa naye na kumbembeleza akija. Yale maneno kwamba ukimbembeleza unamdekeza katika woga yapuuzeni, hakuna mbwa anayeogopa radi ili ahurumiwe. Ila kucha kutoka damu si jambo la kungoja azoee. Zipo dawa, kama fluoksetini ya kila siku au trazodoni kabla ya mvua, na kipimo anakipanga daktari wa mifugo baada ya kumwona. Msichukue vidonge vya binadamu mkakadiria wenyewe. Mkiandikiwa asepromazini peke yake, ulizeni tena, kwa sababu hiyo inaulaza mwili huku hofu iko macho.

Ulinzi? Sitawadanganya, huenda Bosi asimguse mtu maisha yake yote. Lakini mbwa akishaona pale ni kwake, hubweka mgeni akifika, na mwizi wa usiku hapendi kubwekewa. Dalili ya kwanza si kubweka, ni kula mchana mkiwa mnamwona. Ngojeni hiyo.

Kwa sasa geti lisiachwe wazi hata dakika moja. Mbwa wa namna hii akishtuka hukimbia bila kutazama nyuma, na mkanda wa shingoni humvuka kichwani akirudi kinyumenyume. Mnunulieni ule unaofungwa kifuani, mumwachie aunuse siku mbili tatu kabla ya kumvisha.